Karatasi Juu ya Ufa

Kilosa, Jumatatu, 18 Novemba 1974

Daftari hili nimepewa na mke wangu Elizabeti, si kwa mapenzi bali kwa kujiokoa. Anasema nimezidi kusimulia habari za mashine wakati wa kula. "Liandikie daftari," kaniambia, "lenyewe halina masikio ya kuchoka." Basi daftari, pole. Mimi ni Yeremia, miaka arobaini na tisa, fundi wa maabara ya udongo hapa Kilosa. Elimu yangu ni darasa la nane la misheni kule milimani, na kozi ya miezi minne ya mashine, ambayo miwili ya mwanzo niliugua tumbo.

Mashine yenyewe ni ya eksirei. Si ile ya mifupa, ingawa haupiti mwezi bila mtu kuniletea mkono wake nimwelekeze hospitali. Yetu hupiga udongo. Unausaga mpaka uwe poda, unaupaka kwenye kioo kidogo, mashine inaumulika kwa miale, na miale ikigonga chembe za udongo huruka kwa pembe maalumu. Kuna chombo kinachozunguka polepole kuipokea na kuihesabu. Wageni waliotuletea mashine walikiita kaunta. Mimi nakiita jicho. Jicho likiona miale mingi, kalamu hupanda na kuchora kilima kwenye karatasi ndefu. Kila aina ya udongo ina kilima chake mahali pake. Sayansi yote ndiyo hiyo, mengine ni kufuta vumbi.

Ila jicho huchakaa, kama langu. Kwa hiyo kila Jumatatu nalipima. Wageni walituachia chupa moja ya unga mweupe, udongo safi kabisa wa kwao. Ndiyo chupa ya kipimo. Nachota kijiko cha chai, napaka kioo, nawasha. Jicho zima lazima lihesabu mia nane na arobaini kwa sekunde. Leo limehesabu 838. Jicho zima.

Mvua ya kwanza imenyesha saa tisa alasiri. Bwana Onesphory, mkuu wetu, akaniamkia "Shikamoo mzee," nikaitikia, halafu akaniamuru nipande kuziba paa. Ana miaka thelathini na moja na shahada ya ng'ambo. Sidhani kuna mahali pengine duniani mtu hutumwa juu ya bati kwa heshima namna hii.

Jumatano, 20 Novemba

Mvua. Paa bado linavuja. Mzibaji ni mimi, kwa hiyo sina wa kumlaumu.

Jumatatu, 25 Novemba

Jicho 811. Nimelifuta kwa pamba na spiriti. Likabaki 811.

Filomena, karani wetu wa kupiga chapa, ambaye pia ndiye mshika funguo za kabati, amelala juu ya taipureta mpaka shavu likachorwa herufi. Ana mimba ya miezi minne au mitano. "Filomena," nikamwambia, "mwanao ataimaliza barua hiyo kabla yako." Akacheka na macho yamefumba. Binti mvivu, lakini mvivu mwenye adabu, na hao ni adimu.

Jumatatu, 2 Desemba

Jicho 770. Nimempelekea habari Bwana Onesphory. Kasema ni unyevu wa mvua unaoingia kwenye nyaya, tupandishe volti za kaunta kidogo. Nimepandisha. Likarudi 840. Nimejisikia daktari.

Alhamisi, 5 Desemba

Leo nitaandika mengi, maana leo tumepewa kazi ya watu.

Saa nne aliingia Ndugu Lupakisyo, Katibu wa kata, kapakaa tope mpaka magotini, na magunia mawili madogo begani. Ni mtu wa Mbeya, mrefu, sauti ya kuhutubia hata akiomba maji. Akatua magunia juu ya meza yangu safi.

"Ndugu Yeremia, hapa pana kijiji."

"Kimo ndani ya gunia?"

"Usifanye mzaha. Kaya sitini za kule milimani zinashuka mwezi wa kwanza, zikae pamoja. Mahali ni pawili. Hili gunia ni bonde la Mtumbwile, upande wa Masanze, karibu na barabara. Hili jingine ni mwinuko wa Lusangi, mbali kidogo, maili nne juu. Mimi nataka Mtumbwile. Lori linafika, shule itafika, dawa itafika. Lakini wazee wanasema hawajui chini ya ule mchanga kuna nini."

Hapo wazee wana haki. Udongo mweusi wa mbuga kila mtu anaujua: ukinywa maji unavimba, ukikauka unapasuka, na nyumba ya udongo iliyojengwa juu yake haina maisha. Lakini Mtumbwile juu ni mchanga wa kijivu ulioletwa na mto, na chini yake kuna udongo wa rangi ya kahawia usio na sura ya kutisha. Unaweza kuwa mwema, unaweza kuwa ndugu yule yule wa mbuga kavaa kanzu nyingine. Jicho la mtu haliwezi kusema. Jicho la mashine linaweza: unaovimba una kilima chake, kule mwanzo kabisa wa karatasi, kilima kifupi, kipana, kama mtu aliyelala kajifunika shuka.

"Kilima hicho kikitokea," nikamwambia, "nendeni Lusangi."

"Kisipotokea?"

"Mtumbwile."

"Mashine ikisema, mimi nimemaliza," akasema. Akanywa maji vikombe vitatu akaondoka.

Sikumwambia kwamba kati ya kaya sitini hizo mojawapo ni ya dada yangu Teresia.

Jumatatu, 9 Desemba

Uhuru, miaka kumi na mitatu. Gwaride uwanjani, mvua juu ya gwaride. Nimekwenda na gambuti za maabara.

Jumanne, 10 Desemba

Nimepima jicho, kwa kuwa jana ilikuwa sikukuu. Kwa volti za kitabu, kabla sijazipandisha, limeshuka tena: 722. Nimepandisha volti. Bwana Onesphory ameandika kuagiza jicho jipya, litakuja lini Mungu anajua. Unga wa kipimo nao umepoteza weupe kidogo, una rangi ya maziwa yaliyotiwa chai. Hata unga unachoshwa na mvua hizi za vuli.

Jumatatu, 16 Desemba

Jicho 690. Volti nimezipandisha karibu na mwisho wa saa yake ya kupimia, nikafungua na kile kichujio kinachozuia kelele, ili kila kinachopita kihesabiwe. Likarudi 840. Ila sasa kalamu haitulii. Mahali ambapo hapana kitu inachora nyasi, nyasi ndefu, toka mwanzo wa karatasi mpaka mwisho.

"Ni bei ya kuona mbali," kasema Bwana Onesphory. Nikaona ni maneno mazuri. Nilitaka niyaseme mimi.

Alhamisi, 19 Desemba

Nimepiga udongo wa Mtumbwile mara tatu. Kilima cha udongo mwema kipo, kimesimama wima kama askari. Kule mwanzo wa karatasi, mahali pa yule anayevimba, ni nyasi tupu. Nimezitazama kwa miwani na bila miwani. Nyasi.

Nikaandika: Hakuna dalili ya udongo unaovimba. Filomena akapiga chapa, nakala mbili. Bwana Onesphory akatia saini, mimi nikatia yangu, nikagonga muhuri. Ndugu Lupakisyo akaja kuchukua, akaikunja nakala yake na kuitia mfuko wa shati upande wa moyo.

Jumatano, 25 Desemba

Krismasi. Tumekula kuku. Sikuzungumza mashine, Elizabeti kanisifu mbele ya watoto.

Jumatatu, 6 Januari 1975

Jicho 655. Saa ya volti imefika mwisho. Sasa namsubiri mgeni, jicho jipya.

Jumamosi, 11 Januari

Nimepanda milimani kumsaidia dada Teresia kufunga mizigo. Dada yangu ni mkubwa kwangu kwa miaka sita, mjane, mwembamba kama fito na mgumu kama hiyo hiyo fito. Nilimkuta juu ya ngazi anaezua nyumba yake mwenyewe.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Usisimame hapo, pokea nyasi."

Tukafanya kazi mpaka jua likawa kichwani. Majirani walipita, kila mmoja akinipa mkono kwa mikono miwili, jambo ambalo si kawaida yao. Huku kwetu mimi ni yule mtoto aliyeangukia kwenye chungu cha togwa. Nikamwuliza dada kulikoni.

"Walikataa," akasema. "Mkutano wa Katibu, watu walikaa kimya kama mawe. Kasoma karatasi, kimya. Mimi nikainuka. Nikasema, hiyo saini ya chini ni ya mdogo wangu. Huyo hajui kudanganya. Alijaribu utotoni akashindwa, akalia mwenyewe kabla ya kuulizwa. Akisema udongo ni mzuri, ni mzuri. Ndipo wakacheka, ndipo wakakubali."

Nilifurahi. Naandika hapa ili nisije nikasahau: siku hiyo nilifurahi sana.

Jumatatu, 20 Januari

Mvua imekatika. Jua kali. Wamehamia Mtumbwile, kaya zote sitini. Nyumba zinapanda upesi.

Jumanne, 28 Januari

Nimekwenda Mikumi kupokea jicho jipya, lililoletwa na basi toka Dar. Basi lilichelewa kwa sababu ya tembo barabarani. Kondakta kanikabidhi sanduku kama anayenikabidhi mtoto mchanga, na mimi nikalipakata hivyo hivyo mpaka Kilosa. Mama mmoja ndani ya gari akaniuliza, "Anaumwa nini?" Nikamwambia haoni.

Jumatano, 29 Januari

Nimefunga jicho jipya. Volti nimeziweka pale pale kitabu kinaposema, kichujio pale pale. Nikachota unga toka chupa ya kipimo. Nikawasha.

611.

Nikazima. Nikawasha. 611.

Bwana Onesphory kasema wametuletea bovu. Mimi nilikaa juu ya kiti nikaanza kuona baridi na jua liko nje. Macho mawili, moja zee moja jipya, hayawezi kuugua ugonjwa mmoja.

Mimi ni mchafu kidogo wa meza. Katika droo yangu, chini ya kamba na vishikizo, kilikuwemo kioo kimoja wageni walichokipaka wenyewe unga wa ile chupa siku ya kufungua mashine, ambacho sikukifuta kwa uvivu tu. Nikakiweka.

839.

Alhamisi, 30 Januari

Sikulala vizuri. Asubuhi nilifungua kabati, nikaitoa chupa nikaiweka dirishani, nikaitazama kwa mara ya kwanza. Nasema kwa mara ya kwanza, maana toka Novemba nilikuwa naichota tu. Nimechota kijiko kila wiki kwa majuma kumi na zaidi. Na unga uko pale pale kwenye mstari mwekundu wa shingo ya chupa. Mimi, mtu wa vipimo, ninayemkosoa mke wangu akipunja kikombe cha mchele, sikuona kwamba chupa haipungui.

"Filomena," nikamwita. "Njoo, mama. Hii chupa nani anaijaza?"

Akasimama mlangoni, mkono juu ya tumbo.

"Mzee, usinipigie kelele."

"Sijapiga."

"Unakaribia."

Nikakaa. Naye akakaa. Akasema akitazama sakafu: "Toka mimba ilipoanza kunisumbua, nikifungua kabati tu, ule unga unaniita. Harufu yake kama vumbi likipigwa na tone la kwanza. Nikaanza na ncha ya kidole. Kisha kijiko. Kisha nikaona aibu, mali ya umma hii. Nikaenda Mabwerebwere kwa yule mama auzaye udongo wa wajawazito. Nikanunua vipande, nikatwanga, nikachekecha kwa kanga mara tatu, nikajaza mpaka kwenye mstari. Kila Ijumaa hivyo. Sikuiba, mzee. Kwetu ukiazima chumvi kwa jirani unarudisha, na unarudisha kikombe kimejaa."

"Vipande vinavyokaushwa moshini?"

"Vile vizuri, ndiyo. Sikununua vya bei ya chini."

Kisha akainua uso akaniuliza, kwa dhati kabisa, "Kwani mzee, udongo si udongo?"

Nina miaka tisa nalipwa mshahara kwa sababu udongo si udongo. Lakini Elizabeti alikula udongo kwa mimba zote nne. Niliyetumwa sokoni kuununua nilikuwa mimi.

Jicho halikuwahi kuugua. Kilichokuwa kinapungua ni unga wa kwao ndani ya chupa, na kinachoongezeka ni udongo wa Mabwerebwere na mchanga wake. Kila Jumatatu jicho lilinieleza ukweli, na kila Jumatatu nililiongezea volti mpaka likaanza kuona vitu visivyokuwepo.

Ijumaa, 31 Januari

Nimetoa mabaki ya gunia la Mtumbwile. Nikapiga na jicho jipya, volti za kitabu. Nyasi hazikuwepo. Karatasi ilitoka safi kama sakafu iliyodekiwa. Na kule mwanzo, mahali pake hasa, polepole, kalamu ikapanda. Kilima kifupi, kipana. Mtu aliyelala kajifunika shuka.

Nikafunga jicho la zamani, nikarudia. Yule yule.

Gunia la Lusangi pia nilipiga. Udongo wa Lusangi hauna hatia yoyote.

Jumatatu, 3 Februari

Nimeandika barua kwa ofisi ya juu. Nimesema fundi, yaani mimi, hakuitunza chupa ya kipimo ipasavyo, ikachafuka, na kwa hiyo ripoti ya tarehe 19 Desemba ifutwe na watu wa Mtumbwile wapelekwe Lusangi kabla ya masika. Jina la Filomena halimo. Ndiye aliyeipiga chapa. Alipofika kwenye neno "ikachafuka" aliligonga herufi moja moja, kama anayeokota mchele. Kisha akaendelea.

Bwana Onesphory kaisoma amesimama. Akaniambia "Shikamoo mzee" ingawa tulikwisha amkiana asubuhi.

"Marahaba."

"Mzee, hii ni kujitia kitanzi. Na mimi nilitia saini ile ya kwanza."

"Najua, bwana mkubwa. Ndiyo maana nimeacha nafasi hapa chini."

Miaka mitatu nimemwona kijana mwenye majivuno. Kumbe nilikuwa namwona mtu mwenye hofu. Akatia saini, herufi ndogo, kama anayejificha nyuma ya yangu. Lakini akatia.

Jumatano, 12 Februari

Jua halina huruma. Nimekwenda Mtumbwile kwa baiskeli na karatasi ya pili. Nilimkuta Ndugu Lupakisyo nje ya nyumba mpya, anakanda udongo kwa miguu yake mwenyewe. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kuhutubia.

"Ya kwanza ilikuwa na muhuri," akasema. "Hii nayo inao?"

"Inao."

"Basi, Ndugu Yeremia, mihuri miwili haiwezi kugombana mbele ya wananchi. Nikisimama niwaambie rudini, watarudi wapi? Nyumba za kule zimeezuliwa, mbegu ziko ardhini hapa. Nikiwaambia twendeni Lusangi, wataniuliza na kule karatasi ya tatu itakuja lini."

"Wewe ni Katibu. Waandikie wakubwa."

"Niliandika juzi, baada ya kuona jambo hili." Akanishika mkono akanizungusha nyuma ya nyumba aliyokuwa akiikandia udongo. Ukuta mpya, na ufa toka dirisha mpaka chini, unaingia kiganja. "Hii ni ya kwangu. Nimemleta mke wangu toka Mbeya tukae hapa, tuwe mfano. Mimi nilidhani nimekosea kukanda."

Nilikuwa nimekuja nimejaza maneno makali. Nikavua viatu nikamsaidia kukanda.

Nikapita kwa dada. Nilimweleza yote, na jina la Filomena nikalificha hata kwake. Alikuwa anapepeta mahindi; hakuacha kupepeta.

"Kwa hiyo mashine ilisema uongo."

"Mashine ilisema kweli, dada. Mimi ndiye niliyeiongezea sauti mpaka isisikike."

Akapepeta. "Kama ulivyokuwa ukiimba kanisani," akasema. Huo ndio ugomvi wote alionigombeza, na ningependa angenipiga.

Kwenye ukuta wake ufa ulikuwa umeanza, mwembamba kama uzi. Nilikuwa na kipande cha karatasi ya mashine mfukoni. Nikaomba uji kidogo, nikakibandika juu ya ufa, ncha moja huku na nyingine kule. "Kila asubuhi kitazame," nikamwambia. "Kikichanika, ukuta umetembea usiku. Siku hiyo usilale ndani."

"Nilale wapi?"

"Jikoni. Jiko lako ni la fito, halina haraka ya kuua mtu."

Jumatatu, 24 Februari

Jibu hakuna. Jicho jipya 840. Nalipima sasa kwa kioo kile kimoja, nakishika kama yai.

Jumatatu, 10 Machi

Masika yameingia kwa miguu yote miwili. Jibu hakuna.

Jumamosi, 15 Machi

Mvua. Dada kaomba karatasi zaidi.

Jumatano, 19 Machi

Mvua.

Jumamosi, 22 Machi

Mvua, lakini nimekwenda, baiskeli begani nusu ya njia. Udongo wa Mtumbwile umekunywa mpaka umelewa. Umenyanyua milango, umeikaba isifunguke. Katibu kaondoa mlango wake kwa shoka ili mkewe atoke. Karatasi ya dada ilichanika Jumanne asubuhi, akahamia jikoni na kuku. Alhamisi ukuta wa mashariki ukaanguka juu ya kitanda chake.

Alinionyesha kitanda. Kuku mmoja alikuwa amesimama juu yake.

Jumapili, 30 Machi

Pasaka. Filomena kajifungua Ijumaa Kuu, mtoto wa kike. Tumekwenda kumwona na Elizabeti. Kilo tatu na robo, na kilio kisicho na nyasi hata kidogo. Nikampakata. Kaolini safi kabisa ya ng'ambo, ule unga wa chupa, imo mle, nikafikiri. Kipimo chetu chote kinanyonya.

"Mzee," Filomena kaninong'oneza Elizabeti alipotoka, "zile nyumba..."

"Mtoto apate usingizi," nikamwambia.

"Ningeacha tu chupa ipungue. Ungeuliza, ningesema."

Huo ndio ukweli ulioniuma kuliko yote. Angekuwa mwizi wa kawaida, dada yangu angekuwa Lusangi.

Jumatatu, 14 Aprili

Jibu limefika. Nalinakili jinsi lilivyo, maana Elizabeti hakuniamini mpaka aliposoma mwenyewe:

"Ofisi inaipongeza maabara kwa juhudi za kuongeza usahihi wa kaunta ya mashine. Usahihi huo utumike katika vijiji vijavyo. Kuhusu Mtumbwile, wananchi wamekwisha hamia kwa hiari, suala limefungwa."

Bwana Onesphory kasoma, akaenda akapanda mwenyewe kuziba paa. Katika mvua. Hakuniita.

Jumamosi, 26 Aprili

Nimeshinda Mtumbwile. Ndugu Lupakisyo ameomba magogo kwa ajili ya nyumba za fito. Hajajibiwa, anakata mwenyewe. Toka dada aponee, kila mama anataka karatasi. Nilikwenda na bunda zima la karatasi ya mashine, na Katibu akanishikia sufuria ya uji nyumba hadi nyumba. Tumebandika nyumba kumi na saba. Tunabisha hodi, tunapaka, tunaondoka, kama watu wa chanjo wasio na dawa.

Kwa dada tulifika mwisho na bunda limekwisha. Ukuta wake wa mashariki ameujenga tena, na ufa umerudi mahali pale pale, kama mtu anayejua kwake.

"Huna hata kipande?" akauliza.

Nikapekua mkoba. Ilibaki nakala yangu ya ile ripoti ya Desemba, naibeba sijui kwa nini. Dada aliikunjua. Kusoma anasoma polepole, kwa kidole. Alifika chini kwenye saini.

"Hii ndiyo niliyoisimamia mbele ya watu?"

"Ndiyo, dada."

Nilidhani ataichana. Akaipaka uji kwa kidole kwenye pembe nne, akaibandika juu ya ufa, muhuri ukitazama nje, akaipapasa mpaka ikalala vizuri kabisa.

"Acha ifanye kazi," akasema.

Jumatano, 30 Aprili

Salamu toka kwa dada, kwa mdomo wa dereva wa lori la mkonge: imechanika jana alfajiri, katikati ya jina langu. Yeye yuko jikoni na kuku. Niende na nyingine.